Ukimya wa Sekunde Arobaini: Kazi Mbili za Profesa wa Ustawi wa Jamii

Karatasi iliyo mezani imegawanywa safu tatu kwa rula. Katika safu ya kwanza mwanafunzi ameandika mazungumzo yake na mteja, yaani mtu anayemhudumia, neno kwa neno, kadiri alivyoweza kukumbuka. Katika ya pili ameandika alichokuwa anakihisi wakati huo. Ya tatu imeachwa wazi kwa ajili ya profesa. Katikati ya ukurasa pana mistari hii:

"Mteja: Tangu mama afariki, nyumba imekuwa kubwa. (Akanyamaza.)
Mimi: Na usingizi, unapata vizuri?"

Kwenye safu ya hisia pana neno moja tu: "Kawaida."

Profesa amelizungushia duara neno "akanyamaza". Kando yake ameandika kwa penseli: "Alinyamaza kwa muda gani? Na ni nani aliyeshindwa kuuvumilia ukimya huo, yeye au wewe?"

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mihadhara, mitihani, makala za majarida na vikao vya idara vyote vipo, lakini ukitaka kujua profesa wa ustawi wa jamii aliyebobea katika afya ya akili, anayefundisha na wakati huohuo kutibu wateja wake mwenyewe, anafanya nini hasa, anza na ile penseli. Ili kuliandika swali lile ilibidi kwanza yeye mwenyewe awe amewahi kukaa na mtu aliyenyamaza, akahangaika kwenye kiti, akauliza swali la kujiokoa, kisha akajuta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwani afya ya akili si kazi ya daktari?

Swali hili huulizwa kila mara, na lina haki ya kuulizwa. Wengi wakisikia "ustawi wa jamii" huwaza mambo ya watoto walioachwa, migogoro ya matunzo, wazee wasio na ndugu na misaada kwa kaya maskini. Wakisikia "magonjwa ya akili" huwaza daktari na vidonge. Katikati hapo ni vigumu kuona mtu wa tatu anaingilia wapi.

Tuchukue mtu mmoja ambaye kwa wiki tatu hapati usingizi, hana hamu ya kitu chochote, na ameanza kusema afadhali asingekuwepo. Daktari wa magonjwa ya akili atatazama dalili, atauliza historia ya ugonjwa katika ukoo, atahakikisha hakuna tatizo la kimwili linalojificha nyuma yake, na ikihitajika ataandika dawa. Mwanasaikolojia atachunguza namna mtu huyo anavyofikiri na anavyojitazama, pengine kwa vipimo maalumu. Mtaalamu wa ustawi wa jamii naye ataanza na usalama wake kama wenzake, kisha atauliza mambo yanayoonekana kama udaku: unaishi na nani? Nani anategemea mshahara wako? Mara ya mwisho kucheka na mtu ilikuwa lini? Barua ya kuhamishwa nyumba uliipata kabla ya usingizi kukatika au baada yake?

Hilo swali la mwisho ndilo linalomtofautisha. Kama barua ilitangulia, basi hata dawa ikifanya kazi vizuri kabisa, mtu yule atarudi kwenye nyumba ileile yenye barua ileile.

Chombo kimoja kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Mwaka 1975 Ann Hartman, profesa wa ustawi wa jamii nchini Marekani, alibuni mchoro ambao hadi leo wanafunzi huuchora katika wiki za mwanzo. Unachora duara kubwa katikati ya karatasi: hiyo ni kaya ya mteja. Kulizunguka unachora maduara madogo: kazi, shule ya watoto, ndugu, marafiki, nyumba ya ibada, hospitali, mahakama kama ipo. Halafu unaunganisha. Uhusiano imara hupata mstari mnene, uhusiano dhaifu mstari wa nukta, na uhusiano wenye msuguano mstari uliokatwakatwa kwa vijistari vya kukingama. Mishale huonyesha nguvu inakoelekea, kwa sababu yapo mahusiano ambayo mtu hutoa tu bila kupokea. Mchoro wenyewe huchukua kama dakika ishirini. Mara nyingi mteja hukaa akiutazama, kisha akasema jambo ambalo hakulisema kwa vikao vitatu: "Kumbe mishale yote inatoka kwangu."

Profesa anayefundisha mchoro huu bila kuwahi kumwona mteja akiutazama anafundisha kuchora maduara.

Ilivyoanza

Mwaka 1905, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari aitwaye Richard Cabot alichoka kuandika maagizo yasiyotekelezeka. Unamwambiaje mtu apumzike ilhali asipokwenda kazini kesho watu sita watakosa mahitaji? Akaajiri mhudumu wa jamii (yaani mtaalamu wa ustawi wa jamii) afanye kazi pembeni yake. Mwaka uliofuata Ida Cannon akaichukua kazi hiyo na kuijenga hadi ikawa idara kamili. Mwaka 1917 Mary Richmond alitoa kitabu kikubwa kuhusu namna ya kufanya uchunguzi wa hali ya mteja, na kwa mara ya kwanza kazi iliyokuwa inategemea moyo mwema ikapata utaratibu wa kufundishika.

Kisha ikaja vita. Askari walikuwa wanarudi kutoka mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza wakitetemeka, wengine wakipoteza sauti au wakishtuka hata mlango ukifungwa, bila jeraha la kuonekana. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Mwaka 1918 chuo cha Smith huko Massachusetts kikafungua mafunzo ya wahudumu wa jamii waliolengwa moja kwa moja kwenye magonjwa ya akili, chini ya uongozi wa Mary Jarrett. Mfumo wake ulikuwa wa nadharia darasani wakati wa kiangazi, kisha miezi mingi ndani ya hospitali na kliniki. Ukitazama vyuo vya leo vinavyompeleka mwanafunzi fildi, yaani kwenye mafunzo kwa vitendo, kisha vikamrudisha darasani, unaona alama ya mkono wa mwaka ule.

Huko Ulaya mambo yalikuwa yanakwenda kwa njia yake. Amsterdam ilikuwa na chuo cha taaluma hii tangu 1899. Alice Salomon alifungua shule yake Berlin mwaka 1908, na mwaka 1929 akawa kiongozi wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za ustawi wa jamii. Mwaka 1937 utawala wa Kinazi ukamfukuza nchini mwake. Wanafunzi wanapolalamika kwamba somo la historia ya taaluma halina maana, mimi huwataja wawili: Salomon, na Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, ambaye mwaka 1915 alisimama mbele ya mkutano wa wahudumu wa jamii mjini Baltimore na kuwaambia kwamba kazi yao bado haijafikia kuwa taaluma kamili. Maneno yale yaliwauma. Kwa miongo mingi baadaye walihangaika kuthibitisha kwamba wanayo nadharia yao na ujuzi wao, na sehemu kubwa ya uhangaikaji huo ilikuwa ni kuikimbilia saikolojia ili waonekane wana sayansi. Wapo wanaodhani kukimbia kule kulikwenda mbali mno, hadi mteja akabaki kichwa kitupu kisicho na nyumba wala mwajiri. Nakubaliana nao kwa kiasi.

Lakini si kwamba walikopa tu. Baadhi ya mbinu za tiba ya mazungumzo zinazotumika leo zilitoka mikononi mwa watu wa ustawi wa jamii. Virginia Satir, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, alisomea ustawi wa jamii. Michael White wa Australia, aliyeanzisha na David Epston tiba inayomsaidia mtu kulitenga tatizo na nafsi yake na kulisimulia upya, alikuwa mhudumu wa jamii. Insoo Kim Berg, aliyeanzisha na mumewe Steve de Shazer tiba fupi inayotazama suluhisho, naye vilevile. Swali lao maarufu hufundishwa kila mahali: chukulia usiku huu ukiwa usingizini umetokea muujiza na tatizo lako limekwisha, lakini wewe hujui kwa sababu ulikuwa umelala. Asubuhi, kitu cha kwanza kitakachokuonyesha kwamba mambo yamebadilika ni kipi? Mteja hujibu kwa vitu vidogo ajabu. "Nitaamka kabla ya kengele." "Mtoto hatanichungulia usoni kwanza kabla ya kunisalimu." Hapo kazi inakuwa imepata mahali pa kuanzia.

Ngazi ya kufika huko

Njia hutofautiana nchi kwa nchi, ila mifupa yake ni ileile: shahada ya kwanza yenye mafunzo kwa vitendo, miaka kadhaa ya kazi, shahada ya uzamili, leseni au usajili, kazi tena chini ya usimamizi, kisha uzamivu na ajira chuoni. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kumaliza angalau saa 400 za fildi na wa uzamili saa 900, na majimbo mengi hudai maelfu ya saa nyingine baada ya hapo kabla hayajamruhusu mtu kutoa tiba akiwa peke yake.

Anayefuata njia hiyo yote hufika kwenye uprofesa akiwa na mvi. Wapo wanaokatiza: kutoka darasani hadi darasani, uzamivu wakiwa bado vijana, bila kuwahi kubeba faili la mteja kwa mwaka mzima. Wengine kati yao ni watafiti wa hali ya juu. Ila wanafunzi huwanusa mapema. Siku wanafunzi wanaporudi kutoka fildi na mtu mmoja akasema, "Mteja wangu alinitukana, nikalia chooni," darasa hugeuka kumtazama mwalimu, na kinachotafutwa machoni pake hakimo kwenye kitabu chochote.

Mwaka 2014, mjini Melbourne, mashirikisho ya kimataifa ya taaluma hii yalipitisha tafsiri mpya ya ustawi wa jamii. Sentensi ya kwanza inasema kwamba ni taaluma iliyosimama juu ya utendaji na wakati huohuo ni fani ya kisomi. Tafsiri za kimataifa huwa zimejaa maneno ya kuridhisha kila mjumbe, na hii nayo imo humo, lakini sentensi hiyo ya kwanza inamweleza profesa wetu vizuri: akiacha mguu mmoja, anachechemea.

Kinachofundishwa na kisichofundishika

Sheria ya afya ya akili hufundishika. Dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hufundishika, tofauti kati ya huzuni ya msiba na ugonjwa hufundishika, namna ya kumuuliza mtu moja kwa moja kama anawaza kujiua hufundishika pia, na hapa profesa hulazimika kuwaondolea wanafunzi hofu ya zamani kwamba ukiuliza utampandikizia mtu wazo. Haiko hivyo. Kuuliza waziwazi mara nyingi huwa ni mara ya kwanza mtu huyo kupata nafasi ya kulisema. Darasa hufanya mazoezi wawiliwawili kwa igizo dhima, na utawasikia vijana waliokuwa wanapiga soga kwa sauti dakika tano zilizopita wakishindwa kulitamka neno "kujiua" mbele ya mwenzao. Wanalirudia hadi ulimi uzoee. Ni zoezi dogo, lakini sijui lingine lenye faida kubwa kama hilo.

Kigumu ni kumfundisha mtu namna ya kuwepo. Hapo ndipo panapoingia kile kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoziunganisha kazi mbili za profesa huyu ziwe moja: usimamizi. Neno lenyewe linapotosha, kwa sababu kwa mazoea ya ofisini msimamizi ni yule anayekagua umefika saa ngapi. Alfred Kadushin, aliyekuwa profesa wa ustawi wa jamii Wisconsin, aliandika mwaka 1976 kwamba usimamizi katika taaluma hii una kazi tatu: kuhakikisha kazi inafanyika kwa utaratibu, kumfundisha anayesimamiwa, na kumtegemeza asivunjike. Msimamizi mbovu hubaki kwenye ile ya kwanza. Msimamizi mzuri huwa anafanya zote tatu ndani ya sentensi moja, kama ile ya penseli.

Ndani ya usimamizi hutokea jambo la ajabu ambalo Harold Searles, daktari wa akili, alilieleza mwaka 1955. Yanayotokea kati ya mteja na mtoa tiba hujirudia, bila mtu kukusudia, kati ya mtoa tiba na msimamizi wake. Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu wiki iliyopita anaingia ofisini leo amelegea. Kila profesa anachopendekeza anajibu, "Nimejaribu, haikusaidia." Mara tatu, mara nne. Profesa anaanza kukereka. Anajikuta anataka kumwambia tu la kufanya ili kikao kiishe. Asiye na uzoefu angemkaripia. Mwenye uzoefu husimama hapohapo na kujiuliza: huu uchovu ni wa nani? Kisha humuuliza mwanafunzi, "Mteja wako akikaa mbele yako, wewe unajisikiaje?" Mwanafunzi anafikiri kidogo. "Najisikia kama profesa anavyoonekana sasa hivi." Wanacheka wote wawili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wanaanza kumzungumzia mteja.

Hili huwezi kuliandikia maswali ya mtihani. Mtu hulijifunza kwa kutendewa. Na profesa anayeacha kuona wateja wake mwenyewe hupoteza uwezo wa kulitambua polepole, kama mpiga ngoma aliyeacha kupiga akabaki kuhukumu mashindano.

Mpaka usiovukwa

Baada ya kipindi cha darasani kuhusu kiwewe cha utotoni, mwanafunzi mmoja hubaki nyuma, anapanga madaftari yake polepole kuliko kawaida. Wengine wakishatoka anasema, "Profesa, ule mfano wa leo ni nyumbani kwetu."

Profesa anajua kutibu. Ameshawasaidia watu kadhaa wenye historia hiyohiyo. Mtu wa nje angedhani huyu mwanafunzi ana bahati. Lakini jibu sahihi ni kuketi, kumsikiliza, kuhakikisha usiku huu yuko salama, kumpa rufaa kwa mtoa tiba mwingine na kumsindikiza hadi rufaa hiyo ishike. Kumtibu, hapana. Profesa huyo ndiye atakayesahihisha mtihani wake, ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza, na pengine ndiye atakayeamua kama anafaa kwenda fildi. Mtu hawezi kumfunulia moyo wote yule anayeshika alama zake, na akifanya hivyo, mojawapo ya mambo mawili huharibika: tiba au alama. Maadili ya taaluma huuita huu uhusiano wenye sura mbili, na ndiyo mitego inayowanasa wenye huruma kuliko wasio nayo.

Mpaka huo una upande wa pili. Mifano ya darasani hutoka wapi? Kliniki, bila shaka. Wanafunzi hupenda kisa cha kweli kuliko cha kitabuni. Kubadilisha jina hakutoshi hata kidogo. Ukisema "mwanamke mmoja rubani mwenye watoto pacha" umeshamtaja. Profesa makini huchanganya watu watatu kuwa mmoja, hubadilisha kazi, umri na idadi ya watoto, hungoja miaka ipite, na bado vipo visa ambavyo hatavisimulia kamwe, hata vikiwa ndivyo vinavyofundisha zaidi. Nadhani ukubwa wa mwalimu wa fani hii hupimwa pia kwa hadithi alizozimeza.

Usiri wenyewe una historia yake mahakamani, na kesi mbili za Marekani hufundishwa hata nje ya nchi hiyo. Katika ya kwanza, mwanafunzi wa chuo huko California alimweleza mtoa tiba wake kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Polisi waliarifiwa, wakamshikilia kidogo, wakamwachia. Msichana na familia yake hawakuambiwa lolote. Mwaka 1969 aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua katika kesi ya Tarasoff kwamba mtoa tiba ana wajibu wa kuchukua hatua za maana za kumlinda mtu aliyelengwa, hata ikibidi usiri uvunjwe. Kesi ya pili, Jaffee dhidi ya Redmond, ilifika Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1996. Ofisa wa polisi aliyemuua mtu kwa risasi akiwa kazini alikuwa ameongea na mhudumu wa jamii wa kliniki mwenye leseni katika vikao kadhaa, na upande uliofungua kesi ya madai ukataka kumbukumbu zote. Mahakama ilikataa kwa kura saba dhidi ya mbili. Mazungumzo ya mteja na mtoa tiba yana kinga, ikasema, na kinga hiyo inamhusu mhudumu wa jamii mwenye leseni sawasawa na daktari wa akili na mwanasaikolojia. Kwa taaluma iliyoambiwa mwaka 1915 kwamba haijakamilika, jibu lilichelewa miaka 81 lakini lilifika.

Mwanafunzi makini atauliza: sasa nikae kimya au niseme? Profesa atampa vigezo: tishio liko wazi kiasi gani, aliyelengwa anajulikana, uwezo wa kulitimiza upo. Halafu atamwambia lililo la msingi zaidi, kwamba uamuzi kama huo haufanywi na mtu mmoja akiwa peke yake usiku. Unampigia simu msimamizi wako.

Nguvu hii ya taaluma, ya kuamua juu ya maisha ya mtu, huwashangaza wanafunzi waliojiunga wakidhani wamekuja kujifunza upole. England na Wales, mtu anayewasilisha maombi ya kumlaza mgonjwa wa akili hospitali bila ridhaa yake kwa kawaida ni ofisa maalumu aliyeidhinishwa, na wengi wa maofisa hao ni wahudumu wa jamii. Madaktari wawili hutoa mapendekezo, lakini ofisa huyo ndiye anayeamua kama maombi yafanyike, na ana haki ya kukataa. Fikiria uzito wa kumfundisha kijana wa miaka 23 kwamba siku moja atasimama mlangoni kwa mtu, nyuma yake pana gari, na neno lake ndilo litakaloamua.

Hesabu za chuo

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu sina uvumilivu nazo. Vyuo vikuu hupandisha watu vyeo kwa machapisho na fedha za utafiti. Saa sita kwa wiki za kuona wateja hazina safu kwenye fomu ya tathmini, na usimamizi wa wanafunzi kumi wa fildi huhesabiwa kama kusoma barua pepe. Matokeo yake ni kwamba watu wenye mikono ya dhahabu hubaki wahadhiri miaka kumi na tano, au huacha kliniki ili waandike. Baadhi ya vyuo vimeanzisha ngazi maalumu inayopandisha watu kwa kazi ya kliniki na ufundishaji wa vitendo. Mara nyingi ngazi hiyo hukosa usalama wa ajira ambao wenzao wanao.

Njia ya kutokea ipo kwa wenye ujanja, nayo ni kufanya kliniki yenyewe iwe mahali pa utafiti. Kwa nini wateja wengi huja mara moja wasirudi? Je, kupigiwa simu siku moja kabla kunabadilisha kitu? Maswali ya namna hii hayatafutwi maktaba. Yanamfuata mtu ofisini kwake, yakiwa na majina na viti vitupu. Na haja ipo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa wanaishi na tatizo la afya ya akili, yaani takriban mtu mmoja kati ya wanane, huku serikali zikitenga kwa wastani karibu asilimia mbili tu ya bajeti ya afya kwa ajili yao. Kwa hesabu hizo, profesa mwenye kliniki ya saa sita kwa wiki hapunguzi kitu. Lakini akisimamia vijana kumi kwa mwaka, kwa miaka ishirini, hesabu inabadilika.

Mzigo wa kusikia

Mwaka 1990 watafiti McCann na Pearlman walieleza namna kiwewe cha wateja kinavyoweza kubadilisha taratibu mtazamo wa anayewasikiliza. Charles Figley mwaka 1995 akalizungumzia kama uchovu unaotokana na huruma. Profesa hubeba tabaka mbili: visa vya wateja wake, na visa vya wateja wa wanafunzi wake wote, vinavyomjia kwa safu tatu kila wiki. Dalili za kuzidiwa haziji na tarumbeta. Unakuta mtu mpole ameanza kufanya mzaha kuhusu wateja. Au anasoma ukurasa wa kusikitisha na kusahihisha tahajia tu.

Ndiyo maana walio makini nao wana msimamizi. Profesa mwenye miaka thelathini kazini, jina lake kwenye vitabu, anakwenda kila baada ya wiki mbili kukaa mbele ya mwenzake na kusema, "Kuna mteja nadhani nimeanza kumwogopa." Mwanafunzi akilijua hili kwa mara ya kwanza hushtuka kidogo. Alidhani kuna siku mtu humaliza.

Wiki tatu baadaye karatasi nyingine iko mezani, safu tatu, mwandiko uleule. Mteja ni yuleyule.

"Mteja: Vitu vyake bado viko palepale. (Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kama sekunde arobaini.)
Mteja: Mlango wa chumba chake sijaufungua tangu siku ile. Usiku nikisikia kitu kikilia humo ndani, najua ni upepo, lakini nakaa macho mpaka kuche."

Kwenye safu ya hisia mwanafunzi ameandika mistari minne. Wa kwanza unasema: "Mikono ilinitoka jasho."

Profesa ameweka alama ndogo ya vema mbele ya mstari huo. Kisha, kwa penseli ileile, kwenye safu ya tatu: "Sasa lile swali lako la usingizi unaweza kumuuliza."